Mgeni Amekalia Mbuzi ya Nazi

Mamangu, shikamoo. Goti linaendeleaje? Huku nje ya Malindi mvua imenyesha alfajiri na shamba zima linanukia udongo.

Nakuandikia barazani kwa Bi Mwanaisha, yule mjane anayekaribisha watalii katika minazi yake. Mbele yangu mwalimu mstaafu kutoka Nairobi amekalia mbuzi, anakuna nazi huku ulimi umemtoka kama mtoto anayejifunza kuandika. Amelipa ili akune, Mama! Mchana atakula samaki wa kupaka kwa tui la nazi hiyohiyo.

Mwanzoni Bi Mwanaisha alikosea kama ambavyo wewe ungekosea. Aliona aibu wageni kushika kazi, akawakalisha mkekani na kuwalisha pilau. Wakachoka kukaa, kesho yake wakaondoka. Mpaka mama mmoja mtalii akamnyang'anya mbuzi jikoni, akakuna mwenyewe. "Tangu siku ile," ananiambia, "mgeni wangu namheshimu kwa kumpa kazi." Sasa majirani zake wanawafundisha wageni kusuka makuti, na mboga zote hununuliwa kwao. Hakuna mnazi uliokatwa.

Basi yule bwana anayetaka kulinunua shamba la marehemu baba, mpe kahawa, mpe na halua, umuage kwa wema. Unasema huko Takaungu hatukubakiwa na kitu ila minazi mikongwe na mwanamke mkongwe. Mama, hicho ndicho wanachokifuata wageni. Itoe mbuzi yako uvunguni, uifute vumbi.

Naibusu mikono yako,
Zuhura