Mtoto Aliyeamkiwa na Baba Yake

Bombambili,
Songea.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Na Baba namwamkia hapohapo alipokaa, shikamoo Baba. Goti lake linaendeleaje? Mliniandikia kwamba sasa anafika kisimani na kurudi bila fimbo, nikafurahi mpaka nikaenda kumwambia jirani. Huku miili yetu ni mizima. Yusto ameota meno mawili ya juu na anauma kila kitu, akianzia kwangu. Mvua zilichelewa lakini zimeshika. Moyoni ndiko kuna maneno, ndiyo maana barua ni ndefu. Dada Hilda, najua wewe ndiye unayewasomea. Soma polepole, na ukifika penye aibu usiruke kama ulivyozoea.

Mama, uliniandikia kwamba mtoto apewe baba mmoja, kwa kuwa baba wawili humchosha mtoto. Neno lako nililishika, na nilikuwa nimeshalitimiza. Nataka ujue ilikuwaje nikarudi nyuma.

Baba Yusto amepata kazi Namtumbo. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua tumbaku ameacha ukarani wa chama cha ushirika, sasa anawapimia watu wa kampuni. Wanatoa nyumba na matibabu, ila kwa mke na watoto walioandikwa kwa jina la mfanyakazi. Yusto yumo. Otilia wangu hayumo, kwa sababu yeye ni Otilia Bosko. Baba Yusto akasema, "Nitamwasili." Neno lenyewe sikulijua. Tukaenda ofisi ya ustawi wa jamii, yule bibi wa pale akatueleza kuwa ukimwasili mtoto anakuwa wako mbele ya sheria kama uliyemzaa, na aliyemzaa anakuwa mtu baki. Karatasi ingepelekwa mahakama kubwa, lakini kwanza baba mzazi akubali kwa mkono wake mwenyewe.

Bosko mnamjua. Mlimwona akikata mkonge huko kwetu, kabla shamba halijafungwa na yeye kunileta kwao Ruhuwiko. Kilichotuachanisha mnakijua pia, ulanzi, ile pombe ya mianzi. Nilichoka kumwokota njiani. Mahakama ya mwanzo ilinipa mtoto kwa kuwa alikuwa bado ananyonya, naye akapewa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi aje kumwona. Nimseme kwa haki, hajakosa Jumapili hata moja, wala hajaja amelewa.

Ambalo sijawahi kuwaandikia ni hili. Otilia ni jina la marehemu mama yake Bosko. Yule mama alifia mikononi mwangu nikiwa na mimba ya mtoto huyu. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha na kumnywesha uji kwa kijiko. Alinipenda kuliko mwanawe alivyonipenda. Basi Bosko akija husimama mlangoni, anavua kofia, anainama.

"Shikamoo, mama."

Na huyu wa miaka sita, bila kucheka: "Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Ugali na likolo."

"Mboga za majani kila siku! Huna mke wa kukupikia?"

Hapo jirani yangu Mama Eufrazia hucheka mpaka anashika ukuta. "Mkweo amerudi kukusimanga," huniambia. Mimi sicheki. Maneno hayo ya mke wa kupika marehemu alikuwa akimtania nayo Bosko mimi nikiwa palepale jikoni nimeshika mwiko. Tena mtoto akimaliza kunywa maji hukifudikiza kikombe na kukipiga kofi moja matakoni, hivyohivyo kama bibi yake ambaye hakumwona. Nilimuuliza Bosko kama ndiye anayemfundisha. Akanijibu, "Mama hafundishwi."

Kwa hiyo Mama, nisikudanganye. Nyumba ya Namtumbo ilikuwa sababu ya kusema mbele za watu. Mimi nilitaka hayo mambo yaishe. Nimechoka kumwogesha mtoto huku naogopa kumtazama machoni.

Nilidhani Bosko atakataa, nikajiandaa kwa matusi. Hakutukana. Bibi wa ustawi alimsomea mara mbili, akamuuliza, "Umeelewa?"

"Nimeelewa. Mimi kazi yangu ni kutengeneza viti, na watu siku hizi wananunua vya plastiki. Huyu bwana atamtibu mtoto akiugua." Akaishika kalamu kama anashika patasi, akaandika jina lake, akalipuliza kama wino wa zamani. Kisha akauliza, "Jumapili naruhusiwa kuja?" Akaambiwa mpaka mahakama iamue, haki yake ipo.

Jumapili akaja. Alikuja na dada yake, Wifi Kolumba, na wote wawili wamenyoa vichwa, upara mweupe, kama watu waliotoka kuzika. Nilishtuka, nikauliza kuna msiba gani. Otilia alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake akingoja.

"Hujambo, mtoto," Bosko akasema.

Otilia akamtazama. "Hujaniamkia."

Bosko akatazama chini. Wifi ndiye aliyesema, na aliniambia mimi. "Tumekuja kuaga. Kaka ameandika kwa mkono wake kwamba huyu si wa kwetu. Mara ya kwanza mama tulimzika, tuna kaburi, tuna msalaba. Safari hii tumpelekee wapi maua?"

"Wifi, maneno gani hayo mbele ya mtoto?"

"Mtoto yupi? Si umeshampa watu?"

Otilia akaanza kuuliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa. "Mbona wamenyoa?" Walipoondoka aliuliza tena. Akamuuliza Mama Eufrazia, akamuuliza muuza maandazi, akamuuliza na katekista alipopita kuandika watoto wa mafundisho. Nilimuuliza Mama Eufrazia, yeye ni mtu wa hapahapa, kama mila yao ndivyo ilivyo. Akasema hapana, hata mahoka, yaani mizimu ya wazee wao, haidai hivyo. Wale wamejitungia uchungu wao wenyewe.

Siku ya tatu, mchana, nimeshaweka maji kwenye beseni, nikamwita aje kuoga. "Otilia!" Nikaita tena. Nikamkuta nyuma ya nyumba amekaa, miguu ameinyoosha.

"Husikii nakuita?"

"Huniiti mimi," akasema. "Otilia si amekufa?"

Mama, nilishindwa hata kumshika. Maji yalipoa kwenye beseni.

Kesho yake nilimfunga Yusto mgongoni nikaenda ustawi. Nikasema karatasi isiende popote, mama wa mtoto amebadili nia. Bibi yule alinifokea vizuri tu, "Mama, hapa si sokoni, leo unachukua kesho unarudisha." Akaniandikisha nami kwa mkono wangu, na karatasi akaiweka kando.

Kutoka pale sikurudi nyumbani, nilipitiliza mpaka Ruhuwiko. Bosko alikuwa anapiga randa ubao. Nikasimama, sikukaa.

"Karatasi nimeizuia," nikamwambia. "Usishukuru, sikufanya kwa ajili yako. Sasa na wewe sikia. Mama yako amekufa. Ni mimi niliyemfumba macho. Aliye kwangu ni mtoto, meno yake yanang'oka, anaogopa kuku. Ukija Jumapili utamwambia hujambo, naye atakuamkia wewe."

"Na yeye akianza?"

"Wewe usimwitikie. Atazoea."

Akaishika randa kwa mikono miwili. "Basi mama nitamwona wapi?"

"Makaburini, Bosko. Kama watu wote."

Nilisema hivyo nikaondoka. Njiani ndipo nililia, maana yule mama nilimpenda mimi pia, na nilikuwa nimewafungia mlango wote wawili.

Lililobaki gumu lilikuwa Baba Yusto. Nilimwambia yote jioni ile, pamoja na lile la kuogopa macho ya mtoto. Nilidhani atasema juu ya nyumba, nikawahi, "Tutapanga chumba kingine, tutabanana."

Akasema, "Nyumba ilikuwa maneno ya kukuambia wewe. Mimi nilitaka siku moja aniite baba."

Mama, sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Otilia humwita Baba Yusto, kama majirani wanavyomwita, na hakuna aliyewahi kumkosoa. Siwezi kumwamuru mtoto neno hilo. Baba Yusto naye amesema nisimwamuru. Hajakasirika. Asubuhi bado anamfunga Otilia kamba za viatu kabla ya shule, lakini anazifunga kimya, na akimaliza hakai kumtazama akienda. Wale wa Ruhuwiko nimewaondolea msiba, nikauleta ndani kwangu.

Yeye anatangulia Namtumbo, sisi tutamfuata shule zikifungwa. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi nitamleta Otilia huku Songea kwa baba yake mimi mwenyewe, hata nikisimama kwenye gari njia nzima. Na ukiniuliza kama mtoto amepona, nitakuambia anaitika tena jina lake. Ila kabla hajaitika anageuka nyuma kwanza, kutazama kama kuna mwingine anayeitwa.

Nisalimie Shangazi mwenye mikeka, mwambie ule alionipa ndio Yusto anatambaa juu yake. Mjomba wa cherehani namsalimu sana. Kaka na mkewe wapokee salamu, na yule mtoto wao mchanga nimbebeeni. Otilia anawaamkia bibi na babu zake, shikamooni. Dada Hilda, asante kwa koo lako.

Mama, ukinijibu usiniambie kama nimefanya vizuri au vibaya. Niandikie tu habari za nyumbani, kuku wangapi wametotoa, nani kaolewa. Nataka nisome barua mpaka mwisho bila kushika moyo.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Salome