Tufaa na Donge la Jirani

Mjukuu wangu Yustina,

Shikamoo yako imefika hapa Ruhuwiko. Marahaba. Babu yako hajambo, na mahindi yameanza kuchanua.

Unauliza kama ni aibu kuwaokea wakwe zako matufaa kwa donge la unga la dukani. Nikujibu hivi. Wazazi wa babu yako walipokuja kuniona mara ya kwanza, nilioka keki kwenye sufuria, nikajaza mkaa chini kana kwamba napika makande. Ikaungua, na wageni wameshakaa. Nikapita uani kwa Mama Kapinga, muuza maandazi, nikamwomba donge lililokwisha kuumuka. Nililisukuma kwa chupa, nikapanga vipande vya tufaa na sukari, nikakunja. Safari hii mkaa mwingi niliuweka juu ya mfuniko, chini kidogo tu.

Mama mkwe akaonja. “Unga kakanda nani?”

“Kakanda jirani, mama. Nimeoka mimi. Keki yangu imeungua.”

Akasogeza sahani nimwongeze.

Basi nunua donge lako, uoke. Wakikuuliza, waambie kweli, usiombe radhi, na kisu cha kukatia usikiweke chini. Watataka uwaongeze.

Bibi yako,
Kolumba