Kindi Warukao wa Mlima Wetu

Mume wangu, Baba Saidi,

Salamu zangu zikufikie huko uliko. Sisi hapa mlimani tu wazima. Mvua za kwanza tangu tukuzike zimekuja na kuisha, mtama umejaa ghalani, na Saidi amemuoa yule binti wa ng'ambo ya bonde uliyekuwa ukimtakia, Mwajuma. Wiki iliyopita Saidi alipeleka asali Kondoa, yote ikanunuliwa. Basi usiwe na wasiwasi na nyumba.

Ila msitu ulinitia hofu. Jumbe alikuja na watu wenye mashoka. Yule Mdachi mkuu wa boma anaongeza nyumba bomani, anataka mbao, na jumbe alikuwa ameuchagua ule mninga mnene wenye tundu, wanamolala kindi wako warukao. Mimi na Saidi tuliwafuata hadi mtini; Saidi akaniambia turudi nyumbani, Mdachi habishiwi. Sikuweza kuondoka. Nilikaa chini palepale.

Nilikumbuka ulivyonipeleka pale tulipokuwa wapya katika ndoa. "Kaa kimya, mke wangu, utaona." Sikuwa nimeamini kwamba mnyama asiye na mabawa anaweza kupita hewani. Baadaye ulimtoa mmoja kwenye mtego uliotegwa na watu, ukanionyesha magamba chini ya mkia wake, yanayomzuia kuteleza kwenye gome. Ukamwachia. Tangu siku ile nyama yake haikuingia chunguni mwetu.

Nikamwomba jumbe angoje jua lizame tu. Alinung'unika, lakini alikaa, maana asali yako ameila miaka mingi. Giza lilipoanza kuingia, mmoja alitoa kichwa tunduni, akapanda hadi juu kabisa, akajitupa. Ngozi ikatanda kati ya mikono na miguu, akapita juu ya vichwa vyetu bila sauti hadi mti wa pili. Mwingine akamfuata. Jumbe, mzaliwa wa hapahapa, hakuwa amewahi kuwaona. Alicheka peke yake kwa muda mrefu, kisha akawaambia watu wake, "Boma limetaka mbao, halikutaja mti." Wakaenda kukata miti miwili karibu na kijito, isiyo na tundu.

Mwajuma aliposikia habari hii alishangaa tunavyoshangaa, kwa sababu kwao wapo. Wewe ulishikilia kwamba wako katika mlima wetu peke yake, kwa kuwa bondeni miti imekwisha na hawawezi kuvuka. Ulikosea, mume wangu, na nimefurahi mno kukukosoa. Mwajuma alinipeleka kwao. Magome yametafunwa vilevile kama huku, na jioni niliwaona watatu. Niligeuka nikuambie...

Basi. Nikamwambia Mwajuma.

Lakini huko wanategwa sana. Nilizungumza na baba yake, naye akakubali kuondoa mitego upande wa juu wa msitu, kwa kuwa sasa sisi ni ndugu. Upande wa chini hakuahidi kitu.

Moyo wangu umetulia, Baba Saidi. Nakukumbuka, lakini nalala usingizi na nakula nikashiba. Pumzika kwa amani. Ule upande wa chini niachie mimi: nitakwenda kwa baba yake Mwajuma na mtungi wa asali, na nitarudi tena na tena, mpaka aondoe mitego ili apumzike kuiona sura yangu.

Mkeo,
Mama Saidi