Vidonge vya Mama Pacha

4 Machi

Kwako Baba Pacha, mkwe wangu,

Natumaini wewe na wajukuu zangu hamjambo. Mimi sijambo kidogo. Mguu bado uko kwenye plasta, na masikio ndiyo hayo, nikishika simu nasikia kelele tu. Ndiyo maana naandika. Na nikwambie ukweli, hata ningekuwa nasikia, haya nisingeyasema kwa mdomo. Mtu na mkwewe wana mipaka yao. Kwenye karatasi angalau sioni haya.

Jana nimepata barua ya mwanangu. Anasema alitolewa kile kinyama cha utumbo kwa kamera, baadaye akatoka damu, akalazwa, akatulia, akarudi nyumbani. Hayo nilishayasikia. Nisilolijua ni mstari mmoja aliouandika mwishoni kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Vile vidonge vya damu bado sijaanza tena, mume wangu anasema tusubiri."

Tusubiri nini, baba?

Huyo mtoto ana valvu ya chuma moyoni, kile kilango cha kupitisha damu. Alipowekewa ulikuwa bado hujamjua, mimi ndiye niliyekaa naye wodini. Daktari wa moyo alinikalisha akaniambia kwamba damu ikipita kwenye chuma inapenda kuganda, na bonge likiganda likang'oka, linapanda kichwani. Vidonge ndivyo vinavyoifanya damu iwe nyepesi. Havina likizo. Vikisimamishwa, visimamishwe na daktari, na virudishwe na daktari.

Je, ni daktari aliyesema tusubiri, au ni wewe? Nijibu hilo tu. Wasalimie pacha.

Ni mimi mama yenu.


9 Machi

Mama, shikamoo.

Pole na mguu. Sisi tupo. Pacha wanasumbua kama kawaida yao, jana mmoja kamnyoa mwenzake upande mmoja wa kichwa.

Umeuliza, nakujibu. Ni mimi.

Kabla hujakasirika zaidi, ngoja nikueleze nilichokiona, kwa sababu wewe hukuwepo, na sikulaumu kwa hilo. Mimi ni mtu wa bucha. Damu ni kazi yangu. Najua mnyama ana damu kiasi gani, na najua ikipungua kufikia wapi hasimami tena. Kama wiki moja baada ya kile kinyama kukatwa, vidonge akiwa amesharudishiwa, Mama Pacha alikuwa anajiandaa mchana kwenda kufundisha udereva. Akaingia chooni. Nikasikia kishindo. Nilipofungua mlango nilimkuta amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, midomo imekuwa rangi ya majivu. Na damu, Mama, sitakuelezea. Akaniambia, "Usiwaache watoto waingie." Hilo ndilo alilokuwa akiliwaza. Nikambeba mpaka kwenye gari la jirani. Baadaye choo nilikideki mwenyewe, sikutaka mtu mwingine akione.

Hospitali wakaingiza tena kamera, wakakibana kile kidonda, wakamwongezea damu. Daktari wa tumbo, kijana mmoja mwenye haraka, akasema vidonge visimame kwanza. Nikamuuliza virudi lini. "Hilo mtaambiwa na daktari wa moyo." Nikaenda dirishani kliniki ya moyo. Nesi akasema, "Faili lake liko kwa watu wa tumbo. Nendeni, mtapigiwa simu." Tangu siku hiyo nakata nyama simu ikiwa mfukoni mwa shati, nisije nikaikosa. Hakuna aliyepiga.

Sasa kama wenyewe hawajui, mimi ndiye niwe na haraka? Vidonge nimevichukua, nimevifungia kwenye droo pale bucha. Kidonda kikikauka kabisa atavipata. Nilichokiona sitaki kukiona tena.

Mkweo.


13 Machi

Baba Pacha,

Nimeisoma barua yako, nikaiweka chini, nikaichukua tena. Leo sikuulizi hali, maana mtu mwenye nguvu za kumfungia mke wake dawa kwenye droo bila shaka ni mzima.

Umeona damu. Pole, nasema kwa moyo wangu wote. Lakini damu inaonekana. Inamwagika, unapiga kelele, unambeba mtu, unafika, wanambana. Hicho ninachokiogopa mimi hakimwagiki. Kinaingia kimya, mtu akiwa anafunga viatu.

Baba mkwe wako hukumkuta na sauti. Ulimkuta kwenye kile kiti, ukadhani ni mpole. Hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa na domo, alikuwa mtu wa kubishana na redio. Moyo wake ulikuwa unakwenda ovyo, ukikimbia na kusita, akapewa vidonge hivyohivyo. Siku moja aling'olewa jino, pengo likavuja damu mpaka jioni, akaogopa. Akasema ngoja niipumzishe hii dawa. Hakumuuliza mtu. Akapumzisha. Asubuhi moja ameinama anafunga viatu, kamba ikamshinda. Akainua uso akanitazama. Hakuniita jina langu tena mpaka anakufa. Miaka yote ile nimemlisha, nimemgeuza, nimemfuta. Kwa hiyo usiniambie mimi sikuona.

Nakuagiza kama mama yako. Barua hii ikikufika, acha kisu, fungua hiyo droo, mpe mwanangu vidonge vyake. Usinijibu kwanza. Mpe kwanza. Isingekuwa plasta hii, sasa hivi ungekuwa unanisikia mlangoni kwako.

Mama mkwe wako.


6 Aprili

Mama, shikamoo.

Habari ulishazipata kwa shemeji. Nilimtuma aje akwambie ana kwa ana, kwa sababu mkono wangu haukuweza kuziandika. Leo nakuandikia yote.

Barua yako ilinifika Jumatatu. Nilikasirika mpaka nikamkatia mteja mbavu aliyetaka paja. Lakini nilifanya ulivyosema. Nilifungua droo, nikampelekea, akameza jioni hiyohiyo. Akasema, "Afadhali." Neno hilo tu, wala hakuniangalia.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo alikuwa na mwanafunzi, mama mmoja mwenye duka la vitambaa, mwoga wa gari kupindukia, hajawahi kuvuka gia ya pili. Walikuwa barabara ya nyuma ya soko. Huyo mama ndiye aliyenisimulia. Anasema mwalimu alikuwa anamwelekeza vizuri tu, mara akamwambia, "Punguza sahani." Akacheka, akadhani ni utani wa walimu. Mwalimu akarudia, "Sahani, sahani," na ulimi umekuwa mzito. Mbele kulikuwa na mkokoteni. Lile gari la mafunzo lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, kwa hiyo mwanafunzi akangoja mwalimu akanyage kama siku zote. Hakukanyaga. Mguu wake wa kulia ulikuwa umelala pale kama si wake. Yule mama akakata usukani, wakaingia kwenye rundo la mchanga. Alipogeuka, akaona mdomo wa mwalimu wake umekwenda upande.

Basi yule mwoga akarudisha gari nyuma, akaendesha mwenyewe mpaka hospitali, gia ya pili njia nzima, honi haikunyamaza. Wanasema kufika mapema kumesaidia sana.

Hali yake sasa ni hivi. Bado amelazwa. Mkono wa kulia unashika kijiko, halafu unakiangusha. Mguu unaburura. Anaelewa kila kitu, ukimwongopea anajua. Maneno ndiyo hayaji.

Na kuna hili linalonichoma. Daktari wa wodini aliniuliza, "Vidonge alivianza tena lini?" Nikasema Jumatatu. Akatikisa kichwa. Akasema vidonge hivi havikulindi siku unayoanza kuvimeza, vinachukua siku kadhaa kushika. Ndiyo maana mwenye valvu, wakati anavisubiri, huchomwa sindano za kumlinda. "Sindano hamkupewa?" Mama, sindano nazikumbuka. Walimchoma kabla ya kamera ya kwanza, tumboni, nikadhani ni mambo ya kamera.

Mimi sikujua. Na wewe pia hukujua, na ulikuwa unaniamrisha kama daktari mkuu. Mimi nilifunga droo, ndiyo. Wewe ukaifungua. Hakuna kati yetu aliyempeleka kliniki.

Sasa niite jina lolote unalotaka.

Mkweo.


12 Aprili

Baba Pacha,

Marahaba. Plasta wameitoa. Mguu umekonda hauna hata aibu, lakini natembea na fimbo mpaka mlangoni.

Nimelia, nimemaliza. Majina ya kukuita nilikuwa nayo mengi, nimeyaweka tayari tangu shemeji yako alipokuja. Lile neno lako, "hakuna kati yetu," limeyameza yote. Hilo ndilo limeniudhi kuliko yote, kwamba umesema kweli.

Lakini nisikilize. Wewe ni muuza nyama na mimi ni bibi kizee mgonjwa wa mguu. Ilikuwaje sisi wawili ndio tukaachiwa kupima kipi kibaya zaidi, kutoka damu au kiharusi, tena kwa barua? Yule kijana mwenye haraka yuko wapi? Nesi wa dirishani yuko wapi? Wamekata, wamebana, wamesema mtapigiwa simu, wakaenda kunywa chai yao. Huyu analinda tumbo lake, yule analinda moyo wake, mwanangu kawaangukia katikati na hakuna aliyenyoosha mkono.

Nenda ukawaweke wote wawili chumba kimoja. Huyu asikutume kwa yule. Simama hapo mpaka waongee wao kwa wao, nawe unawasikia. Na siku hiyo usiwe na adabu sana.

Mama.


27 Aprili

Mama, shikamoo. Nafurahi mguu umefunguliwa. Pacha hawajambo, wanakaa kwa jirani mchana.

Nimekwenda. Yule kijana aliponiona akasema, "Mzee, nina wagonjwa wanasubiri." Nikamwambia, "Na mimi nasubiri tangu Februari." Sikumgusa. Nilisimama tu mlangoni, na unajua mwili wangu, mlango ule haukubakiza pa kupita. Akaona bora twende.

Daktari wa moyo ni mama wa makamo, miwani kaitundika kifuani. Akaivaa, akalisoma faili akiwa amesimama. Akamuuliza mwenzake, "Mgonjwa wa valvu ya chuma ametoka damu, umesimamisha dawa, na mimi sina habari?"

"Nilipiga simu kliniki kwako. Haikupokelewa."

"Ukapiga tena?"

Mimi nikasema, "Na mimi nilikuja dirishani kwako, daktari. Nikaambiwa nitapigiwa."

Akaivua miwani. "Hilo ni la kwetu," akasema.

Nikawaambia wanieleze kama wanavyomweleza mtoto. Ilitakiwa hivi, Mama. Damu ikikatika, asirudi nyumbani. Abaki wodini, awekewe dripu ya kuzuia damu isigande, ile ambayo kidonda kikianza tena kuvuja inafungwa na nguvu yake inaisha upesi. Kidonda kikivumilia, ndipo vidonge virudi, dripu iendelee mpaka vipimo vionyeshe vimeshika. Wangekaa naye kidogo tu. Yule kijana alikuwa anayasema haya vizuri, kwa mpangilio, anayajua yote, na nilitamani kumpiga kwa jinsi alivyoyajua.

Wakaanza kuniomba radhi. Nikawaambia radhi si yangu, wakampe mwenyewe.

Tukapanda wodini. Wakasimama miguuni pa kitanda. Kijana akasema pole, mama daktari akasema pole, halafu wakaendelea na mambo yao: atumie kiasi gani, apimwe lini, kamera ya mwakani apigwe au asipigwe. Mimi nikaingilia, nikasema kamera sitaki kuisikia tena. Mama daktari akasema kinyama kikirudi je. Nikasema na damu ikirudi je. Tukawa tunapandisha sauti.

Mama Pacha akakipiga kimeza cha chuma cha kando ya kitanda kwa mkono wa kushoto, kikombe kikaruka. Tukamgeukia. Akahangaika na mdomo, jasho linamtoka. Nikataka kumsaidia neno, akanikata jicho. Tukangoja.

Akasema, "Mimi." Akapumua. "Mniulize mimi."

Mama daktari akavuta kiti, akakaa karibu naye, akaanza upya, polepole, akimtazama usoni. Kila alichouliza alisubiri. Kamera ya mwakani, Mama Pacha amekubali. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na sikuulizwa chochote, na nimekasirika, sijui hata nimkasirikie nani. Jioni akaninyooshea kiganja. Nikampa vidonge vyake, nilikuwa bado ninavyo mimi. Vinakaa kwake sasa.

Mkweo.


3 Mei

Baba Pacha,

Marahaba, na asante kwa kuziba mlango.

Hasira yangu na wewe bado ninayo, na yako na mimi naijua. Tutaimalizia uso kwa uso. Jumamosi nakuja na basi la asubuhi, mje mnipokee, ngazi zile za kwenu sitaziweza peke yangu.

Karatasi ya pili iliyomo humu si yako, ni ya mwanangu. Usiisome. Wala asisomewe na mtu, asome mwenyewe, hata ikimchukua siku nzima.

Mama.


Mwanangu,

Barua zote hizi zilizoingia nyumbani kwako zilikuwa zinakuhusu, na hakuna hata moja niliyokuuliza wewe.

Unaendeleaje? Unaogopa nini zaidi? Unataka nikija nikufanyie nini, na nini nisikufanyie?

Nijibu kwa mkono wowote, hata neno moja. Nasubiri.

Mama yako.