Sisi Saba Tulioshindwa Mbeya

Iringa, 9 Julai 1956

Mdogo wangu Damari,

Salamu. Sisi wazima, baridi tu inatuuma. Mama yako amepona kifua?

Likizo ya chuo imeanza nawe hukuniaga. Wenzetu wanasema tumefungwa netiboli huko Mbeya kwa sababu yako: goli mbele yako, ukageuka, ukaushika mpira mpaka filimbi ikalia. Bibi Mkuu anataka mimi nahodha nikuondoe timuni. Kabla sijamjibu, niambie uliona nini.

Dada yako,
Verediana

Mbeya, 2 Agosti 1956

Dada Verediana,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu.

Niondoe tu. Nyuma ya goli alisimama Mzee Sedekia, baba yake Anyitike, mchumba wangu. Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Nikimwona njiani najifunika uso, naingia porini mpaka apite. Mwili uligeuka kabla sijafikiri. Ningewaambiaje? Juliana, mlinzi wetu, angecheka. Mzee amefurahi. Anasema adabu ninayo, chuoni sina haja ya kurudi.

Mdogo wako,
Damari

Iringa, 11 Agosti 1956

Mdogo wangu,

Hatujambo. Barua yako nimeisoma kwa hasira.

Nani alikupa ruhusa ya kuchukua kosa lote? Mwaka jana magoli karibu yote ulifunga wewe, lakini kitambaa cha zawadi ulikikata vipande saba. Sasa mbona lawama unaila peke yako? Mimi nilipoteza mipira kipindi kizima. Juliana alimwachia mtu wake afunge atakavyo, na nimemwambia usoni; alinuna, kisha akakubali. Hakucheka.

Nimemjibu Bibi Mkuu: akiondoka Damari, tunaondoka saba, na mechi ya marudiano haichezwi. Akasema mimi ni jeuri. Nikamwambia ni kweli.

Ya mkwe siyaamui, mila ni yenu. Lakini ya chuo sema kwa mdomo wako.

Dada yako,
Verediana

Mbeya, 30 Agosti 1956

Dada Verediana,

Shikamoo. Tu wazima, hata Mama analima.

Nimemtuma Anyitike kwa baba yake, maana mimi siwezi kusema naye: adabu yangu ameiona, haijapungua, chuo namaliza, na marudiano nacheza. Mzee akauliza hayo marudiano ni lini. Anyitike alicheka njia nzima.

Napanda basi Jumatatu. Kosa langu nabeba, ila kipande kimoja tu. Nawe dada, nirushie mipira ya juu, si ya magotini kama siku ile. Na Mzee Sedekia akija kutazama, safari hii atajifunika yeye.

Mdogo wako,
Damari