Maneno Waliyonipa Baba Alipofariki

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kamwene, mama yangu. Miguu inaendeleaje na baridi ya huko? Kaka Festo ameniambia waombolezaji wameshatawanyika, mmebaki wewe, shangazi na wajukuu. Mimi mwili uko huku Uingereza, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, lakini moyo uko hapo kwenye mkeka mliokalia.

Nataka nikusimulie nilivyopokea habari ya baba, maana kwenye simu tulilia tu.

Kaka alipiga nikiwa namlisha bibi mmoja uji. Nikaweka kijiko chini, nikatoka koridoni. Niliporudi, msimamizi aliniangalia usoni, nikamwambia baba yangu amefariki. Akasema, “Sorry for your loss.” Yaani, pole kwa ulichopoteza. Mama, Kiingereza nimekisoma tangu sekondari, lakini siku ile nilijisikia kama mtu aliyeangusha pochi stendi ya Ipogolo. Mwenzangu mwingine akapita, akasema hayo hayo. Wa tatu naye, hayo hayo, kwa sauti ile ile. Kabla sijatoka kazini nikakuta kadi, wamesaini wote. Ndani maneno ni yale yale, yamepigwa chapa kiwandani. Jina la baba halimo.

Watu wa huku wana maneno yaliyo tayari kwa kila tukio. Mtu akiumwa wanayo, akiachwa na mumewe wanayo, akifukuzwa kazi wanayo. Wanayatamka mlangoni na kuyaandika kwenye barua bila kubadilisha hata moja. Zamani niliona ndiyo Kiingereza kizuri, nikayakariri nisionekane mgeni.

Ruhusa ya kusafiri ilichelewa, hilo unalijua. Siku mliyomzika baba nilikuwa kazini, natandika vitanda na Brenda, mama mmoja mtu mzima. Akaniambia, “Time heals,” yaani muda unaponya. Nikamtupia shuka.

“Brenda, saa hizi wanamfukia baba yangu, na wewe unanipa maneno ya kwenye kadi!”

Aliokota lile shuka, akalikunja, akaketi kwenye kitanda.

“Mwanangu wa kiume alikufa kwa pikipiki,” akasema. “Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, na niliyachukia maneno hayo. Lakini jirani yangu mmoja aliponiona alivuka barabara tusikutane, maana hakujua aseme nini. Huyo ndiye aliyeniumiza zaidi.”

Nilikumbuka msiba wa mdogo wangu Upendo, watu walivyokuwa wakiingia uani, kila mmoja akisema, “Kazi ya Mungu haina makosa.” Ukawaitikia wote, mama. Sijawahi kukuuliza moyoni ulikuwa unasikia nini.

Nikamwomba Brenda msamaha. Akaniuliza, “Baba yako aliitwa nani?” Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nikamwambia, Yohane. Akataka kujua alikuwa mtu wa namna gani. Nikamweleza alivyokuwa akinusa nyanya kabla ya kuzipanga barabarani pale Ilula, alivyobishana na abiria wa mabasi mpaka wakacheka, alivyoimba besi kanisani huku akiwatangulia wenzake. Brenda akacheka, mimi nikalia. Baadaye yeye akalia, mimi nikacheka. Vitanda vilichelewa. Msimamizi alichungulia, akarudishia mlango taratibu akaenda zake.

Sasa usingizi umeanza kurudi, na chakula nakula kidogo.

Nisalimie kaka Festo, mwambie nashukuru kwa kushika nafasi yangu kwenye mazishi. Msalimie shangazi, asichoke kulala nawe chumba kimoja. Baba mdogo wa Soweto kule Mbeya, mwambie nimesikia alivyofunga duka akaja mara moja. Wajukuu uwabusu.

Nina ombi moja, mama. Kila ninayempigia ananiambia baba amepumzika. Wanasema kwa upendo, najua. Lakini wewe ulikuwa umemshika mkono. Ukipata nguvu, niambie alikuwa anaumwa wapi, alisema nini, na kama aliniulizia. Na kama hakuniulizia, niambie hivyo hivyo. Neno hilo nitalipokea, kwa sababu limetoka kwako.

Mwanao,
Twilumba