Daktari Alisema Imekufa, Mimi Nimeifufua Jikoni

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na nianze kwa kukiri kwamba kwa miaka mingi nimesoma majibu yako nikicheka matatizo ya wenzangu, leo zamu yangu imefika, cheka na wewe ukitaka, ila ukimaliza unijibu, kwa sababu nina siku kumi tu za kuamua.

Mimi ni mwalimu wa watoto viziwi, nina miaka arobaini na miwili. Mume wangu ni fundi simu, mtaa mzima unamwita Daktari, kwa sababu hata simu iliyotumbukia chooni akiishika yeye inapona, na mimi mwenyewe nilimpendea hiyo mikono, sifichi. Tunaishi na mama yake, aliyekuwa mshonaji nguo mpaka magoti yalipomkatalia cherehani.

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikirekodi ishara za viziwi kwa video fupi fupi, darasani, sokoni, majumbani kwao, zimefika elfu mbili na mia tatu na kitu, na zote zilikuwa kwenye diski moja ya nje ya kompyuta, ile kubwa yenye umbo la kitabu kinene, inayotumia chaja yake yenyewe. Humo yumo mzee mmoja kiziwi, fundi viatu, ambaye ishara zake za zamani hakuna mwingine anayezijua, na mzee huyo tulimzika mwaka jana, kwa hiyo sitamrekodi tena. Mwaka huu nikachaguliwa kwenda mbali na nyumbani kwa miezi minne ili video hizo zigeuzwe kamusi. Mume wangu hakusema nisiende. Alisema tutaona, na alisema hivyo huku anakata kucha bila kuinua uso, nami baada ya miaka kumi na minane ya ndoa najua "tutaona" yake ina maana gani.

Sasa hapa ndipo ninapoona aibu. Siku moja nikiwa na haraka nilichukua chaja ya kompyuta nikaichomeka kwenye diski, maana zote ni nyeusi na vichwa vyake vinafanana, nikasikia mlio mdogo kama wa kiberiti, ikaja harufu ya nywele zilizoungua, na diski ikanyamaza. Nikatafuta chaja yake halisi, nikaichomeka, taa ya chaja ikawaka ikazimika, nikachomoa nikarudia, ikawaka ikazimika. Mume wangu alikuwa ameniambia mara tatu niziwekee alama chaja zangu na mara tatu nilimwambia ndiyo, kwa hiyo nilipompelekea diski dukani nilimwambia imezima yenyewe tu.

Alikaa nayo wiki tatu. Siku aliyoirudisha aliiweka mezani taratibu, kama mtu anayeleta habari za msiba, akasema, "Mwalimu, pole sana. Nimeifungua, nimepima kila kitu. Hii ni maiti."

Nililia siku mbili, mshauri, nikapokea pole za walimu na wazazi, jirani mmoja akanishauri niilaze diski kwenye friji usiku kucha, mwingine akasema niigonge gonge ubavuni, na nikasikia kwamba mume wangu amewaambia wenzake dukani kuwa sasa angalau mke wake atapumzisha mikono. Nyumbani akawa anapiga mluzi akioga. Tangu barua ya safari ilipofika hakuwa amepiga mluzi hata siku moja.

Siku ya tatu nilichukua kitambaa niifute vumbi niihifadhi kabatini, ndipo nikaona selotepu. Diski ile ilikuwa na ufa kwenye maungio ya kasha lake, nami nilikuwa nimeuziba kwa selotepu kuzunguka kote na kuandika juu yake kwa kalamu, "Mali ya Mwalimu, usiguse." Maandishi yalikuwa yamepita juu ya maungio, herufi hata moja haijakatika, selotepu haijainuka hata ukucha. Hakuifungua. Wiki tatu, na hakuifungua.

Sikumwuliza. Nilikaa kitandani na ile diski mapajani mpaka machozi yakakauka yenyewe, yakaja mengine ya hasira, na hayo ndiyo yaliyoniinua. Siku iliyofuata niliipeleka kwa mwalimu wa karakana pale shuleni, ambaye naye ni kiziwi, na kabla hajagusa bisibisi aliinusa tu, akaniuliza kwa ishara kama niliichomeka kwa chaja isiyo yake. Nikaona aibu, nikakubali. Akanieleza kwamba umeme ukiingia mle unapita kwanza kwa mlinzi mdogo mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele, anaitwa dayodi, na umeme ukizidi huyo ndiye anayekubali kufa ili wengine wapone, ila akishafa anaziba njia, ndiyo maana hata chaja sahihi inazimika. Mwondoe, akasema, huenda diski ikaamka. Akanionya nisithubutu kufungua ule mfuniko wa fedha wenye sahani ndani, kwani vumbi likiingia humo hata yeye atanipa pole. Alitaka anifanyie yeye. Nikakataa. Nilimwambia nimeshaiacha mikononi mwa fundi mara moja, safari hii mikono itakuwa yangu, anifundishe tu. Kwa siku sita, kila mapumziko, nikawa natoa vipande kwenye redio mbovu kwa chuma cha kulehemu, nikaungua vidole viwili, mpaka akaridhika, akanipa na bisibisi ya nyota na mita ya kupimia umeme.

Jumamosi asubuhi mume wangu akiwa dukani nilishusha juu ya kabati chuma chake cha zamani cha kulehemu, nikatandika taulo kwenye meza ya jikoni. Mama mkwe akaingia kutafuta chai. Nilidhani atanifukuza, maana alinikuta nimekata selotepu na kufungua kasha, lakini aliangalia, akaangalia na ile selotepu, akauliza mwanawe alisema nini. Nikamwambia alisema ameifungua akakuta imekufa. Akavuta kiti. "Namjua mwanangu," akasema. "Asichokiweza hukiita maiti." Akaleta kioo chake cha kusomea na tochi, akanimulikia, na mkono wake, mshauri, haukutikisika hata kidogo.

Nilifungua skrubu, nikageuza ile bodi ya kijani, nikapima. Mita ililia upande huu na upande ule, pale ambapo ilitakiwa ilie upande mmoja tu, nikajua mlinzi wangu ndiye huyo. Nikaipasha moto, nikainyanyua kwa kibano, ikatoka. Nikarudisha kila kitu, nikachomeka chaja halisi, hii niliisoma mara nne, taa ikawaka na haikuzimika, nikaweka kiganja juu ya diski nikaisikia inazunguka. Kompyuta ikaiona. Video ya kwanza niliyofungua ilikuwa ya yule fundi viatu, na mama mkwe ambaye hajui ishara hata moja akainua mkono wake akamwiga, akasema, "Huyu anasema sindano." Ni kweli. Tulikaa pale tukimtazama mzee anashona hewa, hakuna aliyekumbuka chai.

Tatizo limekuja baadaye. Mama mkwe amenishika mkono akaniomba niseme kwamba diski ilitengenezwa na fundi mmoja wa mjini. Anasema kazi ya mwanawe ni jina lake, na mtaa ukisikia kuwa alichoshindwa Daktari kimewezwa na mke wake juu ya meza ya kukatia vitunguu, watamcheka mpaka afunge duka. Nampenda mama huyu, hajawahi kuniomba kitu. Lakini neno hilo ni uongo. Hakuna fundi wa mjini. Ni mimi. Mwalimu mkuu naye anataka mkutano wa wazazi wa wiki ijayo nisimame nieleze jinsi video zilivyookolewa, na nusu ya wazazi hao ni wateja wa mume wangu. Yeye mpaka leo hajui lolote, anaendelea na mluzi wake, na baada ya siku kumi natakiwa kusafiri.

Siombi ruhusa ya kwenda, mshauri, kwenda nitakwenda. Nauliza, nikubali uongo huo mdogo ili kumsitiri mume wangu, au niseme ukweli na kitakachovunjika kivunjike?

Wako,
Mke wa Daktari

MSHAURI ANAJIBU

Mdogo wangu Mwalimu,

Hongera. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na ulipoinyanyua ile dayodi nilikaa chini. Pongezi zako zimekwisha, sasa nisikilize.

Miaka kumi na moja, video elfu mbili na mia tatu, maneno ya marehemu, na nakala moja tu? Ungekuwa karibu ningekufinya. Diski uliyonayo sasa haina mlinzi, umemtoa mwenyewe, na umeme ukizidi mara nyingine hakuna wa kufa kwa niaba yake. Kabla hujaimaliza barua hii inuka ukanakili kila kitu mara mbili, nakala moja ibaki nawe na nyingine ilale nje ya nyumba yenu, kwa huyo mwalimu wa karakana kwa mfano. Kisha chukua rangi ya kucha uzitie alama chaja zako. Kwa hilo mume wako alikuwa na haki, na umwambie hivyo.

Maana wewe nawe hukuwa msafi. Ulimpelekea mgonjwa ukamficha alichokula. Mwenzio wa karakana alipouliza kuhusu chaja ulikubali mara moja, kwa nini mumeo hukumwambia? Kwa sababu ulikwepa kuambiwa "nilikwambia." Huenda angejua hapo hapo tatizo liko wapi. Huenda. Ila usidhani nakulinganisha naye. Wewe ulificha kosa lako. Yeye alisema amefungua kitu ambacho hakukifungua, akakuacha ulie siku mbili huku anapiga mluzi, na kwa mdomo wake akaizika kazi ambayo haikuwa yake kuizika. Kama alikuwa na hofu ya kubaki peke yake miezi minne, hofu si dhambi, mtu huisema. Kama hakujua kutengeneza diski, hilo nalo si dhambi, yeye ni fundi simu. Kosa lake ni kutumia heshima uliyo nayo kwa mikono yake kukufungia mlango.

Sasa huyo fundi wa mjini. Mama mkwe wako ni mtu mwema, alikushikia tochi dhidi ya mwanawe mwenyewe, na wakwe wa namna hiyo hawaokotwi. Mjibu kwa upole, lakini mkatalie. Ukimzaa fundi huyo utamlea maisha yako yote. Wazazi watakuuliza duka lake liko wapi. Watataka namba yake. Mumeo mwenyewe atataka kumjua, na utakuwa unamwonea haya mtu ambaye hayupo. Zaidi ya hayo, wasichana unaowafundisha watasimuliwa kwamba kitu kilipoharibika mwalimu wao alikaa akalia mpaka mwanamume fulani akaja. Wanastahili habari ya kweli.

Kumsitiri mume ni jambo moja, kujifuta wewe ni jambo lingine kabisa. Hakuna anayekudai usimame mbele ya wazazi utangaze kwamba Daktari alishindwa. Hilo ni la ndani, libaki ndani. Unachodaiwa ni kusema nani alifanya kazi, na hilo linasemeka bila kumtaja.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho, siyo keshokutwa, mama akiwa kwa jirani, mwite mumeo jikoni. Usimwite kwa hasira na usimwite kwa unyenyekevu. Diski iwe mezani inazunguka, na ile selotepu iwe kando yake. Anza na lako, mwambie, "Niliiunguza mimi kwa chaja ya kompyuta, nikakuficha." Kisha mwambie, "Nimeitengeneza mimi, na najua hukuifungua." Ukishasema hayo nyamaza. Najua walimu mnapenda kuendelea kueleza, wewe usieleze. Mwache aseme alilokuwa analikwepa tangu alipokuwa anakata kucha. Akilisema, lisikilize lote, na usilitumie kumpiga nalo baadaye. Akikasirika, ana miezi minne ya kukasirika bila kukusumbua. Akitaka kujua uliitoaje ile dayodi bila kuunguza bodi, na nadhani atataka, maana fundi ni fundi, mwonyeshe. Akitaka kuja mkutanoni, akae mstari wa mbele. Asipotaka, usimngoje.

Na usilete mjadala wa safari katika mazungumzo hayo. Safari imeshaamuliwa, iache ikae kwenye sanduku na nguo zako. Kamusi inazingoja ishara za mzee aliyekuamini akakukabidhi kabla hajafa, na hao watoto wana haki ya kuyarithi maneno yake.

Siku ya mkutano mwalimu mkuu atauliza mbele ya wote nani aliiokoa kazi hii. Mshukuru mwalimu wa karakana aliyekufundisha, kisha usigeuke kumtafuta mtu yeyote kwa macho. Watoto wako watakuwa wamekaa pale wakikutazama mikono, kwa hiyo uwajibu wao kwanza, kwa lugha yao, ndipo wenye masikio watafsiriwe. Ishara ya jibu hilo hata mimi nisiyejua ishara naijua: unaweka kidole chako kifuani, na unakiacha pale mpaka wote wamekiona.